Bi Mwanarusi Hatoki

Mimi nilichaguliwa mjumbe wa laini yetu ya nyumba kwa sababu ya mdomo, sikatai. Watu wa mradi walipokuja kutuambia kwamba serikali itazitengeneza kota zote, nyumba zake za wafanyakazi, pale Kaloleni mjini Voi, mabati mapya, mifereji, vyoo vya kueleweka, walisema kila laini itoe mtu mmoja wa kuongea nao. Wenzangu wote wakanigeukia. Sifuna, mume wangu, akacheka mpaka akashika mbavu, ati serikali haijui inachojitafutia. Nikamwambia anyamaze.

Lakini mwenyewe sikuwa na raha. Mwaka ule ulikuwa wa tisini na saba, na redio ilikuwa haina habari nyingine ila Elnino, Elnino, asubuhi mpaka jioni. Mabati yetu yalikuwa yameliwa na kutu mpaka ukilala chali unaona nyota. Mvua ya kawaida tu tulikuwa tunaikinga kwa masufuria juu ya vitanda. Kila nikisikia ngurumo upande wa milimani, kule Wusi, nilikuwa nahesabu masufuria.

Masharti tulisomewa na Bwana Ndambuki, afisa wa mradi, Mkamba mmoja mrefu mwenye sauti ya upole iliyokuwa ikinitia hasira kuliko kelele. Zamu ya laini ikifika, watu wote watoke, wakalale kwenye banda la mabati lililojengwa uwanjani. Kila mwenye nyumba atakayelala pale atapewa kadi, na kazi ikiisha, mwenye kadi anarudi kwake na hakuna wa kumwondoa. Nyumba isiyo na mwenye kadi itahesabiwa haina mtu, apewe mwingine. Na mtu akikataa kutoka, laini yake yote inaachwa, maana vyumba vya laini vimeshikana chini ya paa moja, huwezi kumfungulia huyu ukamwacha yule. Zitakazoachwa zitabomolewa. Hilo la kubomolewa alilisema huku akiangalia viatu vyake.

Tukapiga makofi. Nilikuwa bado napiga nilipomkumbuka Bi Mwanarusi, nikaacha.

Bi Mwanarusi ndiye jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, nyumba ya mwisho kwenye laini. Mumewe, Mzee Bwanaheri, alikuwa dereva wa serikali, na ndiye aliyepewa ile nyumba zamani hizo. Alifariki mwezi wa tisa, na tangu hapo mama wa watu akawa amekaa eda. Kwa wao Waislamu, mjane hukaa ndani ya nyumba ya mumewe miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hatoki kutembea, na wanaume wa kando hawamwoni. Mimi ndiye niliyekuwa nikimnunulia mboga na kumtekea maji, wala sikuona taabu. Nilipoletwa Voi kutoka kwetu magharibi nilikuwa msichana asiyejua hata kuomba chumvi kwa Kiswahili. Nekesa wangu alipozaliwa, ni yeye aliyemwosha na kunikanda mimi, na mamangu hakuwepo.

Zamu yetu ikatangazwa: Jumatatu asubuhi. Eda yake ilikuwa iishe Januari.

Nilikwenda kumwambia jioni ile ile. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, kanga nyeupe, uso hauna wanja wala nini. Nilimweleza haraka haraka vile mtu anavyomeza dawa chungu. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Sitoki, mwanangu," akasema.

Nikamwambia basi nyumba itakwenda. Akaiweka tasbihi chini. Akasema anajua. Binti yake Rayhana ameolewa Mombasa na amemwita akakae naye, lakini ni kwa wakwe, vyumba viwili, watu tele. Akipoteza nyumba hii atakuwa mgeni wa mkwewe mpaka siku ya kufa kwake, mtu wa kuinuka kwenye kiti kila mlango ukibishwa. Nyumba anaitaka. Lakini eda hawezi kuivunja, kwa sababu hiyo ndiyo haki ya mwisho ya Bwanaheri iliyobaki mikononi mwake.

Kesho yake Ndambuki akapita kukagua. Nilikuwa nasonga ugali nikamsikia anabisha hodi nyumba ya mwisho. Akabisha, akabisha. Bi Mwanarusi yuko peke yake ndani na ni mwanamume anayebisha, sasa ataitika vipi? Kutupa jicho nje, namwona bwana mkubwa anatoa kalamu, na midomo yake inasema haina mtu. Nilitoka mbio na mwiko mkononi, unga mpaka kwenye nyusi.

Nilimweleza habari ya eda. Akafikiri nasema mama ni mgonjwa, akataka kuita gari la hospitali. Nikaeleza tena. Akaelewa, nadhani, maana alikuna kichwa akasema pole. Lakini yeye ametumwa tu, akasema, na mkubwa wake atakuja Jumanne kukagua. Hapo ningenyamaza ingekuwa afadhali. Lakini mdomo huu! Nikamuuliza kama yeye alizaliwa na mama au aliokotwa stesheni. Uso ukamkauka. Akafunga mkoba wake.

"Jumatatu, madam. Laini iwe tupu."

Siku zile zilizobaki sikulala vizuri hata kidogo. Kila nyumba ilikuwa inafunga virago, vitanda vinafunguliwa, kuku wanafungwa miguu, na mlango wa mwisho umefungwa kimya. Watu wakaanza kuniangalia mimi. Ochola ndiye aliyelisema. Ochola ni fundi wa reli, jitu la miraba minne, na kijana wake Donald alikuwa na kifua kibovu. Mvua ikinyesha, yule mtoto anakohoa mpaka midomo inageuka rangi, na Awiti mamake anakaa naye kwenye mvuke wa beseni la maji moto. Ochola akaja mlangoni kwangu akasema mbele ya watu kwamba mtoto wake hatakufa kwa sababu ya dini ya mtu.

Nilimpa vidonge vyake, vyote. Nilimwambia alipokuwa hana kazi ni nani aliyekuwa akiwapelekea maharagwe ya nazi jioni, si huyo huyo mwenye dini? Akanijibu, nikamjibu, Sifuna akaja kutushika. Nilikuwa na hasira, lakini ukweli ni kwamba alikuwa na haki. Hata mimi nilikuwa na mtoto chini ya lile paa. Hilo ndilo lililokuwa likinikata maini: kila aliyekuwa akipiga kelele alikuwa na haki.

Awiti ndiye aliyetupoza. Alikuwa amesimama nyuma na Donald mgongoni, akasema polepole kwamba kwao Ujaluo pia mjane ana mambo yake. Babake alipokufa, mamake hakuingia nyumba ya mtu yeyote mpaka desturi zikaisha. Mvua ilimkuta njiani siku moja, akasimama nje ya nyumba ya dada yake mwenyewe, akanyeshewa, hakuingia. "Baba Donald, wewe ulikuwepo," akasema. "Ulimpelekea mwavuli." Ochola akatazama chini, akaondoka.

Mimi nikajifunga kitambaa kichwani, mtu wa kanisa la Friends, nikaenda kusimama kwenye lango la msikiti. Nilikuwa naona haya, lakini haya itanijengea paa? Nikamsubiri Maalim Munir mpaka akatoka. Mzee mpole kweli. Akaniambia dini haimbani mtu kwenye nyumba inayobomoka. Kukiwa na dharura ya kweli mjane anaweza kuhama, akamalizie eda yake mahali pa stara. Nilirudi karibu nikiruka.

Bi Mwanarusi akanisikiliza tena mpaka mwisho.

"Maalim hakukosea," akasema. "Ruhusa naijua. Sasa niambie, mwanangu, katika banda lile pana stara?"

Lile banda ni chumba kimoja kirefu, familia kwa familia, mapazia ya magunia katikati. Ukipiga chafya huku unaambiwa afya kule. Wanaume wanavaa na kuvua, wanapishana usiku na mchana. Hapakuwa na stara pale hata ya kuku. Akaniambia niende nikalale, nisijitese, Mungu hamtupi mja wake. Nilikwenda, lakini usingizi ulikataa kuja. Nilimsikia ukutani anaswali, na baadaye nikamsikia analia.

Jumamosi Ochola akaja tena. Nikajifunga leso vizuri tayari kwa vita. Kumbe amekuja na shauri. Akasema ameongea na mafundi wa mradi, wengine anawajua tangu karakana ya reli. Paa la laini litafunguliwa lote asubuhi, na mabati mapya yataanzia nyumba ya mwisho. Kabla ya jioni mama atakuwa amefunikwa. Hakuna haja ya yeye kutoka. Nikamuuliza, na wale wanaume juu ya paa, si watamwona? Awiti akadakia kwamba hilo ni la wanawake, tuache.

Tukakusanya leso. Kila nyumba ilitoa, za harusi, za matanga, hata za kubebea watoto, tukazishona pamoja tukaziwamba chini ya boriti za Bi Mwanarusi, ukuta mpaka ukuta. Ochola ndiye aliyekwenda kumkabili Ndambuki, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshaharibu. Akarudi na jibu nusu. Ndambuki alisema Jumatatu yeye hatatazama ndani ya nyumba yoyote. Lakini Jumanne mkubwa akija, lazima kila nyumba iwe imeandikwa. Mama hana kadi. Akiandikwa yuko ndani, itaulizwa paa lilifunguliwaje juu ya mtu. Akiandikwa hayuko, nyumba si yake. Hilo yeye hana dawa yake.

Jumatatu nikaingia kukaa na Bi Mwanarusi, asiwe peke yake. Mafundi walipanda jua likiwa bado changa. Ilikuwa kelele ya misumari iking'olewa, na vumbi la kutu likichujika kwenye leso mpaka likatuingia puani. Nilikuwa naogopa bati liporomoke litupasue vichwa. Yale mabati yalikuwa yameoza, yakishikwa tu yanavunjika kama chapati ya juzi. Lakini kitu kimoja kilinishangaza. Mafundi huwa wanapiga mluzi, wanatukanana, wanaimba. Hawa walikuwa wananong'ona. Ochola alikuwa amewaambia chini kuna mtu wa msiba.

Halafu mwanga ukaingia wote kwa pamoja, ukapita kwenye zile leso, na nyumba nzima ikawa nyekundu na manjano na buluu. Bi Mwanarusi akainua uso. Akasema Bwanaheri alikuwa ameandika maombi ya kutengenezewa hili paa mpaka akachoka, akawa anacheka mwenyewe kwamba atapata paa jipya akiwa kaburini. Akatabasamu kidogo. Mimi nilishindwa kutabasamu.

Adhuhuri ikafika. Mabati mabovu yalishapakiwa na kupelekwa, na mabati mapya hayajafika. Tukangoja. Nikatoa kichwa dirishani nikamuuliza Sifuna, akasema lori liko njiani linatoka Mombasa. Alasiri nikauliza tena. Lori limevunjika ekseli huko Maungu, na hakuna wa kulivuta mpaka kesho. Nikatazama upande wa milimani. Sikuiona milima. Ilikuwa imefunikwa na wingu jeusi tii, na upepo ulishaanza kunuka udongo.

Laini yote iko wazi juu, nyumba kwa nyumba, na wenzetu wote wana banda la kukimbilia isipokuwa mmoja. Nikarudi ndani nikapiga magoti mbele yake. Nikamwomba kwa jina la Mungu atoke, nitamfunika na blanketi gubigubi, hakuna atakayemwona hata kidole. Tone la kwanza likaanguka juu ya leso. Akainuka, akafika mlangoni, akashika komeo. Nilimwona amefumba macho. Mkono ulikaa pale kwenye komeo, haufungui wala haushuki.

"Branice," akasema, "nikitoka hapa nitakuwa nimepoteza vyote viwili, eda na nyumba. Kadi sina."

Nje nikamsikia Ochola. Alikuwa amesikia, au aliona uso wangu dirishani, sijui. Akasema neno moja tu, "Basi," akachukua nyundo akaelekea uwanjani. Sifuna akamfuata, na wale mafundi. Niliwaona wanapanda juu ya banda, lile banda walimolaza watoto wao wenyewe, wanang'oa mabati. Ndambuki akaja mbio, koti linapepea, anapiga kelele kwamba ile ni mali ya serikali.

"Na ile nyumba ya mwisho ni ya nani?" Ochola akamuuliza kutoka juu, bila kuacha kung'oa.

Mvua ikazidi. Nikamwona Ndambuki anavua koti, analitupa, anakwenda kushika ngazi.

Walikuwa wanabeba mabati vichwani wanakimbia. Bati la kwanza kupigwa misumari juu ya Bi Mwanarusi lilitoka juu ya kitanda cha Donald. Nalijua, maana nilimwona Awiti akimtoa mtoto pale na kumfunga kifuani. Walipigilia gizagiza linaingia, matone makubwa kama kunde, na leso zetu zimejaa maji zinaning'inia juu ya vichwa vyetu. Bati la mwisho lilipokaa, mvua yenyewe ikashuka. Mvua ile mliokuwepo mnaijua. Haikuwa ya kunyesha, ilikuwa ya kumwagwa.

Mle ndani hamkuvuja. Nikawasha taa, nikasema asante Mungu, nikaanza kukamua leso. Bi Mwanarusi hakukaa. Alikuwa amesimama ukutani anasikiliza. Huko uwanjani watoto walikuwa wanalia, na katikati ya kilio nilikisikia kile kikohozi.

"Bandani kumebaki mabati mangapi?" akaniuliza.

Nikamwambia wako sawa. Nilimdanganya na alijua. Akajitanda kanga vizuri, akaenda nyuma ya mlango pasipoonekana, akalivuta komeo kwa mkono wake.

"Waite wanawake na watoto. Wanaume wakae barazani."

Waliingia wote wa laini, wameloa chapachapa, na kuku wao. Tukajaza mkeka, tukajaza kitanda, watoto wengine tukawapanga chini ya meza. Bi Mwanarusi akampokea Donald, akamvua shati, akamfunga kanga yake kavu, akamketisha mapajani akawa anamsugua kifua kwa mafuta ya karafuu. Awiti alikuwa analia bila kujificha. Nje barazani wanaume walikuwa wamebanana chini ya ukingo wa paa, Ochola anatetemeka meno yanagongana.

Ndambuki akaja dirishani. Maji yalikuwa yanamtiririka puani. Hakutazama ndani, alitazama pembeni kwa adabu, akaniambia kwamba mkubwa wake anafika asubuhi, banda limebomolewa, kadi hazina maana tena, na yeye kazi yake labda imekwisha. Lakini ni lazima apeleke kitu. Akauliza hii nyumba ya mwisho aiandike vipi, ina mtu au haina.

Nikafungua mdomo nimpe jibu lake. Nyuma yangu, kutoka gizani, sauti ya Bi Mwanarusi ikanitangulia, na tangu msiba ule hakuwa amemjibu mwanamume wa kando.

"Andika imejaa."

Ndambuki akaniomba taa. Nikamshikia pale dirishani, akaandika hivyo hivyo.